Uzito Ukae Wapi? Mazungumzo kuhusu Kuvuta Trela kwa Usalama

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wenye pikapu, mafundi wa matrela, wakulima na wafanyabiashara wa kukodisha hema na viti. Yamechapishwa ili wakazi ambao hawakuweza kufika nao wayapate.



Trela dogo nyuma ya pikapu limekuwa jambo la kawaida katika barabara za kaunti. Linabeba hema na viti vya harusi na vya matanga. Linabeba tangi la maji wakati wa kiangazi, nyasi za ng'ombe, saruji, jenereta na pikipiki iliyoharibika. Wapo pia wenye matrela ya kulala, yale ya kupiga kambi, ambayo huvutwa hadi kwenye mbuga na fuo. Kwa mwenye biashara ndogo, trela linamwepusha na gharama ya kukodi lori, na mtaji wake si mkubwa kama wa gari la pili.

Lakini trela likivutwa vibaya, anayeumia mara nyingi si mwenye trela. Ni mama anayeuza mboga kando ya barabara, mwanafunzi anayetoka shule, au mwendeshaji wa bodaboda anayepishana na gari bila kujua kwamba nyuma ya gari hilo kuna mzigo unaopiga mkia. Ndiyo maana jambo hili si la mwenye trela peke yake.

Ujumbe wa leo ni mmoja. Watu wengi huuliza, "Trela hili linabeba kilo ngapi?" Swali hilo ni zuri, lakini halitoshi. Swali linalofuata, na ambalo huokoa maisha, ni hili: uzito huo umekaa wapi? Kilo zile zile zikikaa mahali pake, trela linafuata gari kwa utulivu. Zikikaa pabaya, linaiyumbisha pikapu hadi kuipindua.

Somo la mkokoteni wa punda

Mwenye mkokoteni wa punda analijua jambo hili tangu zamani. Magunia yakirundikwa nyuma ya magurudumu, miti ya mbele inanyanyuka, mkanda wa tumboni unambana punda, na mnyama anakuwa kama anayening'inizwa. Yakirundikwa yote mbele, mgongo wa punda unabeba mzigo ambao ulipaswa kubebwa na magurudumu. Kwa hiyo mwenye punda hupanga magunia juu ya magurudumu, kisha husogeza kidogo mbele, mpaka miti itulie mgongoni bila kumlemea mnyama.

Trela ni mkokoteni, na pikapu ni punda. Tofauti ni kwamba punda akilemewa husimama, lakini pikapu haisemi. Inaendelea kwenda mpaka siku ya mteremko, ya upepo au ya kufunga breki ghafla.

Ile sehemu ya trela inayotoka mbele na kushikana na gari itaitwa hapa shingo ya trela. Uzito unaokandamiza chini pale shingo inapokaa juu ya gari utaitwa uzito wa shingo. Huo ndio ufunguo wa mazungumzo haya yote.

Uzito wa shingo uwe kiasi gani?

Nchini Marekani, ambako pikapu kubwa huvuta nyumba za magurudumu, ushauri wa kawaida ni kwamba uzito wa shingo uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela pamoja na mzigo. Nchini Uingereza, ambako magari madogo huvuta matrela mepesi zaidi, hushauriwa asilimia 5 hadi 7. Kwa pikapu na trela la kawaida la kazi, kilo 10 kwa kila kilo 100 ni mahali pazuri pa kuanzia, maadamu hazipiti kikomo kilichoandikwa kwenye chuma cha kukokotea au katika kitabu cha gari. Kikomo hicho kikiwa kidogo, chenyewe ndicho kinachotawala, na mzigo upunguzwe.

Tuchukue mfano. Trela tupu lina kilo 300. Limepakiwa mifuko 20 ya saruji, kila mfuko kilo 50. Jumla ni kilo 1,300. Basi shingo inapaswa kukandamiza kwa kilo 130 hivi.

Sasa tazama jinsi mpangilio unavyobadilisha mambo. Tuseme sakafu ya trela ina urefu wa mita 2, na kutoka ekseli hadi mwisho wa shingo ni mita 2.5. Mfuko mmoja tu wa saruji ukihamishwa kutoka ukingo wa nyuma hadi ukingo wa mbele, uzito wa shingo unaongezeka kwa kilo 40. Mfuko mmoja! Mifuko mitatu ikihamishwa ni kilo 120. Kwa hiyo wapakiaji wawili waliopakia mifuko ile ile 20 katika trela lile lile wanaweza kumpa dereva safari mbili tofauti kabisa.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kijana aliyelipwa kupakia haraka anashuka na kwenda zake. Anayebaki na mzigo ni dereva. Dereva ndiye anayepaswa kusimama pale na kuelekeza kila kitu kikae wapi.

Shingo nyepesi, shingo nzito

Shingo ikiwa nyepesi mno, maana yake mzigo umekaa nyuma ya ekseli. Trela la namna hiyo hupiga mkia. Kila trela lina mwendo ambao likiufikia huanza kuyumba, na mzigo ukiwa nyuma, mwendo huo unashuka. Trela ambalo lingetulia kwa kilomita 90 kwa saa linaweza kuanza kucheza likiwa kwenye 60. Upepo wa basi linalopita, shimo, au usukani kugeuzwa ghafla ndivyo huwasha moto huo. Mkia unakwenda kushoto, unarudi kulia kwa nguvu zaidi, na baada ya mara tatu au nne unaivuta pikapu nyuma yake.

Shingo ikiwa nzito mno, hatari ni nyingine. Tuseme pikapu ina mita 3 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na trela limeungwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Shingo ikikandamiza kwa kilo 150, ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 150. Inaongezewa kilo 210, kwa sababu ile ya mbele imenyanyuliwa na kupoteza kilo 60. Ni kama ubao wa watoto wa kubembea: upande mmoja ukishuka, mwingine hupanda.

Magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona, na ndiyo yanayofanya kazi kubwa zaidi wakati wa breki. Yakipunguziwa uzito, usukani unakuwa mwepesi na gari linachelewa kutii. Usiku taa za mbele zinaelekea juu na kuwapofusha wanaokuja. Springi za nyuma zinalala, na kila tuta linagonga chasi.

Pia isisahaulike kwamba uzito wa shingo ni sehemu ya mzigo wa pikapu yenyewe. Ukikandamiza kwa kilo 130, basi kilo 130 zitolewe katika kile ambacho pikapu inaruhusiwa kubeba, pamoja na abiria na vilivyomo nyuma.

Kupima bila mashine ghali

Uzito wa shingo hupimwa kwa mizani ya kawaida ya kupimia watu. Trela likiwa limepakiwa na limesimama sawa kwenye uwanja tambarare, magurudumu yake yamezuiwa kwa mawe au vipande vya mbao, shingo iwekwe juu ya kipande cha mti kilichosimama juu ya mizani. Kimo kiwe kile kile ambacho shingo hukaa ikiwa imeungwa kwenye gari.

Uzito ukizidi uwezo wa mizani, utumike ubao imara. Ncha moja ya ubao ikae juu ya tofali, ncha ya pili juu ya mizani, kwa umbali wa sentimita 90. Namba ya ubao peke yake isomwe kwanza na kuandikwa. Kisha shingo iwekwe juu ya ubao, sentimita 30 kutoka kwenye tofali. Namba mpya ipunguzwe ile ya ubao, kisha jibu lizidishwe mara 3. Mizani ikionyesha nyongeza ya kilo 45, shingo ina kilo 135.

Uzito wa jumla unahitaji mizani ya magari. Viwanda vingi vya sukari na saruji na maghala makubwa ya nafaka vinayo, na mwenye trela anaweza kuomba kupimiwa kwa makubaliano. Ambaye hana njia hiyo ahesabu kwa uaminifu. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, tangi lenyewe bado. Magunia 10 ya mahindi ya kilo 90 ni kilo 900. Mchanga mkavu hukaribia kilo 1,600 kwa kila mita moja ya ujazo, na ukilowa unazidi hapo. Trela lenye sakafu ya mita 2 kwa 1.2, likijazwa mchanga hadi kimo cha sentimita 40 tu, limebeba karibu tani moja na nusu. Kwa macho linaonekana halijajaa.

Kupanga mzigo

Kanuni ni rahisi: vitu vizito viwe chini na juu ya ekseli, sehemu kubwa kidogo ielekee mbele, na kushoto kulingane na kulia. Vitu vyepesi ndivyo viende nyuma na juu. Katika trela la hema na viti, vyuma vya hema na jenereta vikae katikati karibu na ekseli, viti vya plastiki nyuma yake, turubai juu. Makosa ya kawaida ni kutupa vyuma virefu mpaka vikaning'inia nyuma, kisha jenereta ikawekwa mlangoni ili iwe rahisi kushusha.

Maji yana tabia yake. Tangi lililojaa pomoni limetulia. Tangi lenye nusu ni hatari zaidi kuliko lililojaa, kwa sababu maji hukimbilia nyuma gari linapopanda au kuongeza mwendo, na hukimbilia mbele linapofunga breki. Kwa hiyo uzito wa shingo unabadilika njiani. Anayeuza maji na kushusha kidogo kidogo kijiji hadi kijiji aendeshe polepole zaidi tangi linapopungua, na akinunua tangi jipya atafute lenye kuta za ndani za kuzuia maji kuchezacheza.

Ng'ombe naye hutembea. Afungwe karibu na mbele, na mlango au kizuizi kiwe nyuma yake karibu, asiweze kurudi hadi ukingoni. Ng'ombe wa kilo 400 akirudi nyuma mita moja, shingo ya trela lililotajwa hapo juu inapungukiwa na kilo 160. Hapo shingo inaweza kunyanyuka kabisa.

Kila kitu kifungwe kwa kamba imara au mikanda, hata kama safari ni ya kilomita 5. Mzigo uliofungwa hautembei, na mzigo usiotembea unabaki pale dereva alipoupanga.

Kuunga trela

Matrela mengi madogo huungwa kwa tufe la chuma lililo kwenye gari na kikombe kilicho mwisho wa shingo. Jambo la kwanza ni vipimo. Matrela ya mtindo wa Ulaya hutumia tufe la milimita 50. Yale ya Marekani yana vipimo kadhaa, kikiwemo cha inchi 2 na cha inchi 2 na 5/16, ambacho ni karibu milimita 59. Tufe dogo likitiwa katika kikombe kikubwa, linaonekana limekaa vizuri, lakini tuta la kwanza litalichomoa. Kwa trela lililotengenezwa na fundi wa jua kali, mwenyewe aulize kipimo cha kikombe na akiandike kwa rangi kwenye shingo.

Baada ya kufunga na kutia pini ya usalama, kifanyike kipimo hiki kidogo. Shingo inyanyuliwe kwa jeki mpaka nyuma ya pikapu ianze kupanda pamoja nayo. Ikipanda, kikombe kimeshika. Kikiachia, afadhali kiachie hapo uwanjani kuliko barabarani.

Kisha minyororo miwili ya usalama. Ipishane chini ya shingo, wa kushoto uende kulia na wa kulia uende kushoto, ili shingo ikianguka ilale juu ya minyororo isichimbe lami. Ifungwe kwenye chasi au kwenye chuma cha kukokotea, si kwenye tufe lenyewe. Iwe na ulegevu wa kutosha kwa kona lakini isiburute chini. Waya wa kufungia ua na kamba ya katani havitoshi.

Mwisho wa kuunga, dereva asimame mbali kidogo na kulitazama trela kutoka ubavuni. Linapaswa kukaa sawa. Likiinua pua, mzigo wote umeelekezwa nyuma.

Kiungo cha kugawa uzito

Baadhi ya wenye matrela mazito, hasa ya kulala, wamekuwa wakiuliza kuhusu kiungo cha kugawa uzito. Kimeenea sana Marekani na Kanada. Kazi yake inaweza kuelezwa kwa mfano wa pikapu iliyotajwa: ekseli ya nyuma imeongezewa kilo 210 na ya mbele imepoteza 60. Kiungo hiki kina vyuma viwili vya springi vinavyotoka chini ya tufe na kulala kando ya shingo, kimoja kila upande. Ncha zake zikivutwa juu kwa minyororo, vyuma vinajipinda na kufanya kazi kama nyenzo. Vinaisukuma pua ya pikapu ishuke tena, na uzito uliokuwa umerundikana kwenye ekseli ya nyuma unagawanywa kati ya ekseli ya mbele ya gari na ekseli za trela.

Kukitega kunahitaji utepe wa kupimia na subira. Gari na trela vipakiwe kama siku ya safari na visimame kwenye mstari mmoja, uwanja tambarare. Kwanza, trela likiwa bado halijaungwa, kipimwe kimo kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya gurudumu la mbele la pikapu. Tuseme ni sentimita 90. Pili, trela liungwe bila vile vyuma, na kipimo kirudiwe. Tuseme sasa ni 93, yaani pua imepanda sentimita 3. Tatu, vyuma vifungwe na kupimwa tena. Pua inapaswa kuwa imerudi chini angalau nusu ya ilivyopanda, yaani 91.5 au karibu zaidi na 90, kwa kadiri kitabu cha mtengenezaji kinavyoelekeza. Isishuke chini ya 90.

Pua ikiwa bado juu, mnyororo ufupishwe pete moja kila upande, na idadi ya pete iwe sawa kushoto na kulia. Ikiwa mnyororo umekwisha na pua haijashuka, kichwa cha kiungo ndicho kinachohitaji kuinamishwa nyuma kidogo. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kitabu cha kiungo hicho. Baada ya kilomita chache za mwendo wa polepole, nati zote zikazwe tena na vipimo virudiwe.

Pua ikishushwa kupita kiasi, magurudumu ya nyuma yanapoteza uzito wake. Kwenye lami kavu dereva anaweza asitambue. Kwenye tope au mvua, nyuma ya gari itateleza.

Tahadhari tatu hapa ni za lazima. Ya kwanza: vyuma hivi vikiwa vimefungwa vimehifadhi nguvu nyingi, na chuma kikichomoka kinaweza kuvunja mfupa. Kabla ya kufunga au kufungua minyororo, shingo iliyoungwa inyanyuliwe pamoja na nyuma ya gari kwa jeki, ili nguvu ipungue, na mtu asisimame wala kuinama mahali chuma kinaweza kuruka. Ya pili: si kila chuma cha kukokotea kimetengenezwa kustahimili msokoto huu, na breki za trela zile zinazofanya kazi kwa shingo kujisukuma ndani zinaweza kuzuiwa na vyuma hivi. Mtengenezaji aulizwe kwanza. Ya tatu: kwenye mitaro mikali na malango yenye mwinuko wa ghafla, watengenezaji wengi huelekeza vyuma vifunguliwe, la sivyo vitapinda kupita uwezo wake.

Na kubwa kuliko zote: kiungo hiki hugawa uzito, hakipunguzi hata kilo moja. Hakiongezi uwezo wa gari. Hakimponyi aliyepakia mzigo nyuma. Trela linalopiga mkia kwa sababu ya mpangilio mbaya lipangwe upya kwanza, ndipo vifaa vifikiriwe. Mwenye trela la kilo 600 lililopangwa vizuri hakihitaji.

Barabarani

Kabla ya kuondoka, tairi zote zipimwe upepo zikiwa baridi, pamoja na za trela, ambazo husahaulika kwa sababu trela hukaa wiki nzima bila kwenda. Taa za nyuma, za breki na za kuonyesha kona zijaribiwe mtu mwingine akitazama. Baada ya kilomita 20 au 30 za kwanza, dereva asimame mahali salama, akaze nati za magurudumu na kukaribisha mkono kwenye kitovu cha kila gurudumu la trela. Kimoja kikiwa cha moto kuliko kingine, beringi au breki ina tatizo.

Mkia ukianza kuyumba, dereva aachie mafuta taratibu, aushike usukani sawa kwa mikono miwili na kuliacha gari lipoteze mwendo lenyewe. Asikanyage breki kwa nguvu, asipigane na usukani, wala asiongeze mwendo kwa matumaini ya kulivuta trela linyooke. Kama trela lina breki za umeme zenye swichi yake, zitumike hizo pekee. Kisha asimame kando na kuupanga mzigo upya. Trela lililoyumba mara moja litayumba tena.

Kwenye mteremko mrefu, iwe ni Mai Mahiu, Salgaa au daraja la Nithi, gia ndogo iingizwe kabla ya kuanza kushuka. Breki zinazokanyagwa muda wote hupata moto na kuisha nguvu, na trela lisilo na breki zake linaisukuma pikapu kutoka nyuma. Barani Ulaya, trela linalozidi kilo 750 pamoja na mzigo hutakiwa kuwa na breki zake. Ni kipimo kizuri kwa anayetaka kuagiza trela kwa fundi.

Mjini na kwenye vituo vya biashara, sheria inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa. Kwenye kona, magurudumu ya trela hayafuati ya gari. Hukata ndani zaidi, na huko ndani ndiko waliko watembea kwa miguu na bodaboda. Dereva atanue kona na kutazama kioo mara mbili. Na trela la mizigo lisibebe watu, hata waombolezaji wanaokwenda karibu.

Karatasi

Nchini Kenya, trela husajiliwa peke yake na hupewa nambari yake inayoanza na herufi Z. Nambari ya pikapu iliyochorwa nyuma ya trela haitoshi. Asidhani pia mtu kwamba bima ya pikapu inalifunika trela. Mkataba usomwe, na wakala aulizwe swali moja tu: trela hili likimgonga mtu, nani atalipa? Jibu litolewe kwa maandishi.

Maswali ya kabla ya safari

Mwenye trela anaweza kuyanakili maswali haya na kuyabandika ndani ya mlango wa gari.

Mzigo wote ni kilo ngapi, na trela linaruhusiwa ngapi?
Shingo inakandamiza kwa kilo ngapi?
Vizito viko juu ya ekseli na mbele kidogo? Vimefungwa?
Tufe na kikombe ni vya kipimo kimoja? Pini imeingia?
Minyororo miwili imepishana?
Trela limekaa sawa likitazamwa kutoka ubavuni?
Tairi zina upepo? Taa zote zinawaka?

Maswali saba, dakika kumi. Mwenye punda huyafanya kila asubuhi bila kuandikiwa, kwa sababu punda wake ni riziki yake. Mwenye pikapu naye afanye vivyo hivyo, kwa ajili ya riziki yake na kwa ajili ya yule mama wa mboga aliye kando ya barabara.